Uzi: Theluji ya Minnesota ilimfungia mama ndani, tukashuka Rockport, Texas, kukaa wiki sita na korongo weupe

Mwana wa Pangani

Habari za majukumu, wadau. Mwezi wa kumi na mbili niliuliza hapa: mama amekuja kunitembelea Minnesota kutoka Pangani, theluji imemfungia ndani, nimpeleke wapi? Wengi mlisema Florida, tuzunguke mji hadi mji. Nilifanya tofauti, na leo naleta mrejesho kwa kirefu. Kila mwaka wazazi wetu wanaletwa huku kipindi cha baridi, wanakaa mbele ya televisheni miezi mitatu, wanarudi nyumbani wakiijua Marekani kuwa ni zulia na dirisha. Hilo linaniuma.

Mama yangu ana miaka 71. Ameuza samaki wa kukaanga pale kivukoni Pangani zaidi ya miaka thelathini. Mtu wa namna hiyo ukimweka kwenye apatimenti, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, unamwona kabisa anavyonyauka. Asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku nikamkuta amevuta kiti mbele ya friza. Anatoa sato walioganda mmoja mmoja, anawaangalia macho, anawarudisha. "Hawa walivuliwa lini?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Wiki ile ile nikaomba likizo yangu yote kwa mkupuo, nikaongeza na siku za bila malipo.

Rockport nilielezwa na mzee ninayemhudumia kazini, aliyekuwa akienda kila mwaka enzi za nguvu zake. Ni mji mdogo wa pwani, Ghuba ya Mexico, jirani na Corpus Christi. Kuanzia Novemba hadi Machi unajaa wazee wastaafu kutoka Iowa, Wisconsin, Minnesota na hata Manitoba kule Kanada. Wanakuja na nyumba zao za magurudumu, wanaegesha, wanakaa miezi. Wenyeji wanawaita Wateksasi wa majira ya baridi. Sisi hatuna nyumba ya magurudumu, tukapanga trela ndogo iliyokwisha kuegeshwa, jiko na choo ndani, tukalipa kwa mwezi.

Njia ni rahisi. Barabara ya I-35 inaanzia Duluth kule juu na kushuka hadi Laredo mpakani. Unapita Des Moines, Kansas City, Oklahoma City, Dallas, Austin, San Antonio, halafu unaiacha na kuelekea baharini. Kwetu ilikuwa karibu kilomita 2,200, tulilala njiani mara mbili. Oklahoma mama alivua kofia. Kusini ya San Antonio akavua koti. Tulipofika, kabla sijazima gari, ameshashusha kioo na kuvuta pumzi: "Hii ni harufu ya maji yanayokupwa."

Sasa niwaambie kilichotukalisha wiki sita badala ya moja.

Jirani na Rockport kuna hifadhi ya Aransas, iliyoanzishwa mwaka 1937. Humo ndimo wanamopitisha baridi korongo weupe, ndege mrefu kuliko wote Amerika Kaskazini. Mweupe pe, ncha za mbawa nyeusi, utosi mwekundu. Akinyoosha shingo anafika mita moja na nusu. Mama si mrefu, wanalingana. Hawa waliwindwa na mabwawa yao yakakaushwa hadi majira ya baridi ya 1941 kundi hili likabaki na ndege wapatao 15. Kumi na tano tu. Ilipofika 1954 ndipo ikajulikana hata wanakotagia: mbuga ya Wood Buffalo, kaskazini ya Kanada, safari ya kilomita kama 4,000. Leo kundi limepita 500, na wote ni wa damu ya wale wachache.

Nilidhani bila boti hatutawaona. Siku ya tatu jirani yetu wa trela, bibi wa Iowa, akatuchukua hadi rasi ya Lamar, ng'ambo ya daraja. Pale kuna mashamba ya ng'ombe, nyumba chache na barabara ndogo. Tukaegesha pembeni, na ndani ya nyasi, mbali kidogo na ng'ombe, walikuwa watatu: baba, mama na mtoto. Mtoto bado ana manyoya ya rangi ya mdalasini yaliyochanganyika na meupe. Korongo hutaga mayai mawili, lakini mara nyingi anayefika Texas ni mtoto mmoja, na anakaa na wazazi baridi nzima.

Mama akapewa darubini. Hakuirudisha kwa dakika arobaini.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini si vizuri kukimbia mji hadi mji. Familia ya korongo ina eneo lake na inalilinda. Ukirudi kesho unawakuta wale wale. Tukawa tunakwenda kila asubuhi saa moja, chupa ya chai mkononi. Wiki ya pili mama alikuwa anajua mtoto ana tabia ya kubaki nyuma, anachokonoa kitu, anashtuka wameshaenda, anakimbia. "Yule wa mwisho," akawa anamwita hivyo. "Yule wa mwisho leo amekula vizuri."

Nitaendelea na boti, mikoko na mambo ya kuvuka. Kwa sasa ulizeni.

Kaka wa Houston

Mkuu, shikamoo kwa mama. Niko Houston mwaka wa tisa, Rockport ni mwendo wa saa tatu na kitu, sijawahi kukanyaga. Huwa tunaishia Galveston, tunachoma nyama, tunarudi. Gharama je? Na kuna baridi au hakuna?

Mwana wa Pangani

Mama amepokea, marahaba. Gharama kubwa ni malazi. Ukipanga kwa usiku mmoja mmoja utaumia. Kwa mwezi bei inashuka sana, ila weka nafasi mapema, wale wazee wanajiandikisha mwaka hadi mwaka. Kuingia hifadhini na kwenye bustani za jimbo ni dola chache. Lamar kutazama kutoka barabarani ni bure. Usivuke uzio, ni mashamba ya watu, na ndege wenyewe wanalindwa na sheria kali ya nchi.

Baridi ipo, lakini ni ya kuja na kuondoka. Siku nyingi Januari mchana tulivaa sweta jepesi. Ila upepo wa kaskazini ukishuka, unashuka kweli: siku moja saa sita mchana tulikuwa tumekaa nje na mikono mitupu, saa kumi mama amevaa koti la Minnesota. Beba nguo za pande zote mbili.

Na boti mniruhusu nilalamike. Wenye boti wa kwanza tuliowalipa walighairi asubuhi kwa sababu ya upepo. Sawa, bahari ni bahari. Lakini hela hawakurudisha, wakasema kanuni iko kwenye risiti. Jina naliacha. Ukikata tiketi uliza kwanza: mkighairi nyie, hela yangu inakuwaje? Wa pili walikuwa watu wema, walimpa mama kiti cha mbele ndani ya kioo.

Na safari ile ilistahili. Boti inapita kandokando ya majani ya kinamasi, inazima injini. Korongo mmoja alikuwa hatua kama sitini, ndani ya maji ya kufika magotini. Akatumbukiza mdomo, akaibuka na kaa wa buluu. Hakummeza. Alimbwaga ukingoni, akamtikisa hadi magando yakatoka, kwanza moja, kisha la pili. Halafu akapasua gamba na kumwachia mtoto vipande. Watu wote kimya. Mama akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Anatoa magando kwanza. Kama sisi." Nahodha akaniuliza amesema nini. Nilipomtafsiria, akatuongezea muda pale pale.

Mswahili wa Watamu

Nimesoma hadi hapa na machozi yananilenga. Mimi niko Kilifi, karibu na Mida. Umetaja mikoko. Kuna mikoko Texas? Na kasa wapo?

Mwana wa Pangani

Dada, ipo, na mama ndiye aliyeiona, si mimi. Tulikuwa Port Aransas. Njia ya kwenda ni kivuko cha bure cha serikali ya jimbo kinachofanya kazi usiku na mchana, dakika chache tu majini. Mama alisema kinamkumbusha cha kwenda Bweni, ila hiki hakina mtu anayeuza karanga. Pomboo walitokea mbele ya kivuko, wanapanda na kushuka, mama akashika chuma cha kivuko kwa mikono miwili akicheka kama msichana.

Ng'ambo kuna njia ya mbao juu ya kinamasi. Pale wapo domomwiko wa rangi ya waridi (wetu ni weupe), mwari weupe na wa kahawia, na mamba wa kwao wakiota jua. Mama aliwasalimu mamba kwa mbali sana. Baadaye, ukingoni mwa maji ya chumvi, akainama, akaokota jani moja lililoanguka, akalilamba mgongoni. "Huu ni mchu." Nikamwambia mama hapa ni Marekani. Akanipa nilambe na mimi. Chumvi. Na chini matopeni ile mizizi ya kupumulia imesimama kama penseli. Nilipoenda kusoma nikakuta ni ndugu wa mchu wetu kweli, jenasi moja, Avicennia. Baridi kali ya Februari 2021 iliua mingi ya huko. Tuliyoiona mingi ilikuwa mifupi, inachipua upya shinani.

Kasa wapo, wale wale kasa wetu wa kijani, pamoja na wengine. Hiyo Februari 2021 maji yalipoa ghafla, kasa wakapigwa na ubaridi, wakawa wanaelea bila nguvu hata ya kuinua kichwa apumue. Watu wa pwani ya Texas walitoka na boti zao na magari yao wakaokota zaidi ya elfu kumi. Kisiwa cha South Padre walijaza ukumbi wa mikutano, kasa sakafuni safu kwa safu, wakingoja joto. Bibi wa Iowa alikuwepo mwaka huo. Anasema umeme ulikuwa umekatika, watu wenyewe wanaganda majumbani, na bado walikuwa wanabeba kasa. Mama alimwambia Pangani kwetu kuna kisiwa cha mchanga cha Maziwe, kasa wanataga pale, na sasa mayai yanahamishwa kuletwa pwani kwa sababu maji yanakifunika kisiwa. Wakashikana mikono hao bibi wawili. Mimi ndiye mkalimani, nikashindwa kumaliza sentensi.

Mchambuzi huru

Sipingi, ila naona ajabu. Mtu ametoka Tanzania, nchi ya Serengeti, Saadani iko hapo hapo jirani na Pangani, anaenda kulipa dola kutazama ndege Texas?

Mwana wa Pangani

Kaka, ni swali la haki na nitalijibu bila hasira. Mama yangu hajawahi kuingia Saadani. Wengi wa wazazi wetu hawajawahi. Hawakuwa na nafasi, wala gari, wala mtu wa kuwaambia kwamba hayo ni mambo yao pia. Miaka thelathini amekaanga samaki, ndege wakimpita juu ya kichwa. Alichokipata Rockport si kwamba korongo ni bora kuliko simba. Alipata asubuhi arobaini ambazo hakuna aliyemhitaji apike chochote.

Halafu kuna jambo alinifundisha yeye, na ningependa ulisome kwa utulivu. Siku tuliyokwenda hifadhini kwenyewe, kama kilomita 60 kutoka mjini, tulipanda mnara wa kutazamia. Mama alipanda polepole akipumzika. Mtumishi mmoja wa kujitolea akatueleza kwamba korongo wanategemea kaa, na kaa wanategemea maji baridi, yasiyo na chumvi, yanayoshuka na mito ya Guadalupe na San Antonio. Ukame ukija, na miji ya juu ikichota sana, maji ya ghuba yanazidi chumvi, kaa wanapungua, na korongo inabidi waruke kwenda kunywa kwenye mabwawa ya bara, wanapoteza nguvu. Baridi ya 2008 kuingia 2009 kundi lilipoteza ndege wapatao 23. Kesi ya maji hayo ikafika mahakamani.

Nilipomtafsiria mama, alikaa kimya muda. Kisha akasema: "Mwambie kwetu ni vivyo hivyo. Mto ukipungua, bahari inapanda." Akaeleza jinsi mto Pangani ulivyobadilika, maji yanavyozuiwa na kutumika huko juu, na chumvi ilivyoingia hadi kwenye mashamba na minazi ambako zamani watu walikuwa wakichota maji ya kunywa hata bahari ikijaa. Yule mtumishi alitoa daftari akaandika. Mama yangu, darasa la nne, anaandikwa. Ungekuwepo kaka, usingeuliza kuhusu dola.

Mchambuzi huru

Nimekuelewa. Naomba radhi kwa mama. Mwezi wa sita nikienda Tanga nitampeleka na wangu Saadani.

Dada wa Columbus

Mimi nina mama mwenye magoti mabovu, anakuja Novemba. Vyoo, kukaa, kutembea, vipi? Na jioni mnafanya nini, maana mji mdogo.

Mwana wa Pangani

Dada, kwa magoti Rockport ni kuzuri sana, pwani yote ni tambarare. Lamar unatazama ukiwa umekaa garini. Hifadhini kuna barabara ya gari ya kuzunguka, na vyoo viko kituo cha wageni. Mnara asipande, kuna sehemu nyingine za chini. Bima ya afya ya mgeni mkatie kabla hajapanda ndege, hilo usilisahau.

Mpeleke kwenye Mti Mkubwa, bustani ya Goose Island, hapo hapo Lamar. Ni mwaloni wenye miaka zaidi ya elfu moja, shina lake mzunguko wa zaidi ya mita kumi, matawi yameinama hadi karibu na ardhi kama mtu anayeegemea kiwiko. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilitua hapo hapo Rockport, kikang'oa mapaa na miti michanga kila upande. Huu ukabaki. Pale kuna uzio mdogo; mama alisimama akasoma Fatiha kimya kimya, akasema mti wa umri huu umeshaona makaburi mengi.

Jioni tulikuwa tunakwenda bandari ya Fulton, saa kumi na nusu, boti za chaza zinaporudi. Mwari wamepanga foleni juu ya nguzo, kila mmoja na nguzo yake. Kuna baba mmoja Mvietnamu alikuwa anatupa kimia, wavu wa kurusha kwa mkono, gatini kutafuta vidagaa vya chambo. Mama alimtazama siku mbili. Siku ya tatu akamwonyesha kwa mikono kwamba anashika risasi, vile vizito vya wavu, za upande mmoja juu mno. Baba akashusha, akatupa, kimia kikafunguka duara kamili. Hawana lugha hata moja ya kuelewana hao, lakini kuanzia hapo kila tukipita anamwinamia kichwa.

Siku ya upepo mwingi tunabaki trelani. Jirani alituletea samaki aliyevua kwa leseni yake, mama akampaka tui la kopo na ukwaju, akamchoma. Trela tano zilikuja na sahani.

Kaka wa Houston

Nimeshaweka nafasi, wiki ya mwisho ya Machi, na familia nzima. Nimechelewa?

Mwana wa Pangani

Hujachelewa ila usisogeze mbele tena. Wanaanza kuondoka mwishoni mwa Machi na wengi wanamalizikia Aprili, wakipata upepo wa kusini wa kuwabeba. Nenda moja kwa moja Lamar asubuhi. Ukiwasikia kabla ya kuwaona, usishangae: koo lake la hewa lina urefu wa mita moja na nusu, limejikunja ndani ya kidari kama tarumbeta, sauti inakwenda mbali sana.

Mama amesharudi nyumbani, mwisho wa Februari. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti kutoka ufukweni Pangani. Anasema wale ndege wadogo wanaokimbizana na mawimbi, tuliowaona Rockport, wapo na kwetu, miaka yote walikuwepo, na amewahesabu kumi na wanane. Nimeangalia: ni aina ile ile kweli, sema wa kwetu wanashuka kutoka upande wa Siberia. Halafu akaniagiza niwaulize nyie wa jukwaani kama kuna anayejua habari za yule wa mwisho. Atavuka salama?

Mnyamulenge wa Saskatoon

Ndugu, nimesoma uzi wote usiku huu. Mimi niko Saskatchewan, mwaka wa nne. Hao ndege wanapitia kwetu wakipanda kaskazini, Aprili, na wakishuka, mwezi wa kumi. Mzungu ninayefanya naye kazi shambani amewaona mara nyingi kwenye mabaki ya ngano, mimi sikuwahi kuuliza. Kesho nitamuuliza ni shamba lipi. Mwambie mama, Aprili nitakuwa natoka asubuhi kabla ya kazi. Kumtambua mtoto mmoja sitaweza, lakini nikiona watatu, wa mwisho akibaki nyuma, nitaandika hapa.